Kabla Hujaomba Uzamivu wa Sayansi ya Ubongo

Wiki iliyopita mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alinitumia sauti ya WhatsApp ya dakika nne. Yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ya biolojia. Alianza na shikamoo, akaniulizia afya, akaulizia baridi la huku, kisha akafika kwenye shida yake: "Dada, nataka kusoma mambo ya ubongo kama wewe. Wanataka nini hasa? Niambie masharti yote nijipange."

Nilimjibu nikiwa kituoni nasubiri basi. Nikaandika mistari mitano: shahada ya kwanza, barua tatu, mtihani wa Kiingereza, insha, uvumilivu. Nilipopata kiti nikaisoma tena ile meseji, nikaona aibu. Yote ni kweli, ila hakuna hata moja ambalo lingenisaidia mimi nilipokuwa pale alipo yeye leo. Kwa hiyo nimekaa kumjibu upya, na naliweka jibu hapa kwa kuwa si yeye peke yake anayeuliza. Nazungumzia Marekani, maana ndiko nilikosoma.

Nianze na jina, kwa sababu limeleta mkanganyiko mkubwa nyumbani. Mama alipowaambia majirani kwamba mwanawe anasomea udaktari wa ubongo, ikawa kila nikipiga simu nakuta kuna mtu ameshasogezewa simu aniulize habari za kipandauso, au mguu uliokufa ganzi, au mtoto anayeota usiku. Niliwasikiliza wote, na wote niliwaambia waende hospitali. Daktari wa kutibu ubongo na mishipa ya fahamu hupitia chuo cha tiba, kisha hubobea. Mimi nina shahada ya uzamivu. Neno lenyewe limetoka kwenye kuzama, na waliolichagua walichagua vizuri. Unashuka mahali pamoja, padogo, mpaka ufike chini, na unatakiwa uibuke na kitu ambacho hakikuwa kikijulikana kabla hujazama. Hilo ndilo sharti lenyewe. Mengine yote ni njia ya kukufikisha hapo.

Niliingia humu kwa sababu ya kaka yangu. Tumezaliwa Mahenge, wilaya ya Ulanga, na anayepajua kwetu anajua kwamba kifafa kule si habari ya kusimuliwa, kipo karibu kila mtaa. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa kule, na katika miaka ya 1960 aliwaona watoto ambao kichwa kiliwadondoka na kuinuka, kikadondoka na kuinuka tena. Siku hizi watafiti wanauhusisha ugonjwa ule na usubi, ugonjwa wa minyoo inayoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Namna hasa minyoo ile inavyofika kuuvuruga ubongo bado haijaeleweka. Kaka alianguka mara ya kwanza akiwa na miaka tisa. Mara ya tatu aliangukia jikoni, kwenye mafiga, na watu wazima wawili waliokuwepo walisita kumshika kwa kuwa walilelewa wakiamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Hayaambukizi. Kovu liko mkononi mwake mpaka leo, toka kiwiko hadi kiganja. Tangu hapo kazi yangu ya jioni ikawa kumpelekea kidonge cha fenobabitoni na kikombe cha maji, na kusimama pale mpaka ameze.

Sasa masharti.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: Marekani huhitaji shahada ya uzamili ili kuomba uzamivu. Shahada ya kwanza inatosha. Nilikaa miaka miwili nikidunduliza ada ya uzamili ambao sikuuhitaji. Na jambo la pili, ambalo nililisoma mara tatu nisiamini macho yangu: programu nyingi za uzamivu wa sayansi ya ubongo hukulipia ada, zikakupa na posho ya kujikimu na bima ya afya. Sisemi ni rahisi kuingia. Ushindani ni mkali, na kwa mgeni ni mkali zaidi, kwa sababu sehemu ya fedha za serikali ya Marekani zinazosomesha wanafunzi hawa hairuhusiwi kumsomesha asiye raia au mkaazi wa kudumu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mlango mwembamba na ukuta, na wengi wetu tunageuka nyumbani tukidhani tumeona ukuta.

(Ukienda Uingereza hesabu ni nyingine: miaka mitatu hadi minne, na mara nyingi unaomba mradi na msimamizi anayejulikana tangu siku ya kwanza. Ujerumani kwa kawaida wanataka uzamili kwanza. Usichukue ushauri wa aliyesoma Leipzig ukautumia kuombea Boston.)

Wala si lazima uwe umesoma biolojia. Darasani tulikuwa kumi na mmoja, na kati yetu kulikuwa na waliotoka fizikia, kompyuta, saikolojia, na mmoja hisabati tupu. Yule wa hisabati hakuwahi kushika bomba la maabara maishani mwake, na ndiye aliyetufundisha sisi wengine milinganyo usiku wa kuamkia mitihani. Mtihani wa GRE, ule wa jumla wa kuingilia masomo ya juu Marekani, uliowatisha waliotutangulia, programu nyingi zimeuacha miaka ya karibuni. Mtihani wa Kiingereza bado upo. Kila chuo kina ada ya maombi, na vingi vina utaratibu wa kumsamehe ada hiyo asiyeweza kulipa. Waandikie uwaombe, tena mapema, bila kuona haya.

Nikae kidogo kwenye barua za mapendekezo, kwa sababu hapo ndipo vijana wetu wazuri wanapoangukia, na wanaanguka bila kujua wamejikwaa wapi.

Mara ya kwanza nilipoomba, nilimwendea mhadhiri mmoja aliyenifundisha. Akaniambia, "Andika mwenyewe, ulete nisaini." Waliosoma kwetu wanaijua sentensi hiyo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na wanafunzi mia tatu kwenye somo moja na hakunifahamu zaidi ya namba yangu ya usajili. Nikaandika. Nikajisifu kwa maneno niliyoyajua: ni mwadilifu, ni mchapakazi, anawahi darasani, ana heshima kwa wakubwa. Barua hiyo ilikwenda vyuo saba, na vyote saba vilinikataa. Mbali ya kwamba si haki kumwachia mwanafunzi ajiandikie ushahidi wake mwenyewe, barua ya namna hiyo haina uzito wowote mbele ya wanaochagua. Kila mwombaji ni mchapakazi. Wanachotafuta ni tukio: kemikali iliisha, mashine iligoma, matokeo yalikataa kukaa sawa, je, huyu alifanya nini?

Ile miaka miwili ya kudunduliza nilikuwa nimeajiriwa kwenye maabara ya malaria, kazi yangu kuhesabu vijidudu kwenye vioo vya damu, hadubini asubuhi hadi jioni. Siku moja niligundua kwamba masanduku mawili ya vioo yalikuwa yamebadilishwa lebo, na kwamba hesabu za mwezi mzima, zikiwemo zangu nilizokwisha kuziwasilisha, hazikuwa sahihi. Nilikaa nalo usiku kucha. Asubuhi nikaenda kusema. Mkuu wa maabara alinyamaza, akashukuru, tukaanza upya. Nilipoomba mara ya pili aliandika barua mwenyewe, akasimulia kisa hicho na hakuna zaidi. Kwenye usaili profesa wa kwanza niliyekutana naye aliniuliza kuhusu yale masanduku kabla sijakaa vizuri kwenye kiti.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya insha, kabla ya TOEFL, yaani ule mtihani wa Kiingereza, nenda katafute maabara. Si lazima iwe ya ubongo, huenda hata usiipate. Iwe ya maji, ya mihogo, ya mbu. Osha vyombo vyao mwezi wa kwanza kama ni lazima. Kaa mpaka mtu akuone ukikosea na ukirekebisha, maana huyo ndiye atakayeweza kuandika barua.

Mwaka wa kwanza ni wa kozi, na kwa mtu aliyesoma kwetu kozi si tatizo kubwa, kusoma tunajua. Unapaswa kulinda wastani wa B. Unasoma seli ya neva na kemia yake, mifumo ya kuona, kusikia na mwendo, anatomia ya ubongo, takwimu, na maadili ya utafiti ambayo wafadhili wa serikali wanayadai. Nakumbuka mawili tu kwa undani. La kwanza ni ngisi. Alan Hodgkin na Andrew Huxley waligundua jinsi umeme unavyosafiri kwenye neva kwa kuchomeka waya ndani ya uzi wa neva wa ngisi, ambao ni mnene kiasi cha kuonekana kwa macho, wakaandika milinganyo yake mwaka wa 1952 na kupata Nobel mwaka wa 1963. Mimi ngisi nilikuwa nimemwona kwenye soko la Feri, Dar es Salaam, juu ya meza ya mbao, nikaambiwa kilo ni shilingi ngapi. Usiku ule nilikaa na kitabu nikiwaza kwamba kumbe uzi ule ulikuwa pale mbele yangu, na mimi nikabishana bei.

La pili ni siku tuliyopewa ubongo wa binadamu mikononi. Uzito wake ni karibu kilo moja na gramu mia nne, na unaushika kwa mikono miwili bila kuambiwa. Ndani yake mlikuwa na seli za neva zipatazo bilioni 86. Mwalimu alitutaka tukae kimya dakika moja kwa ajili ya aliyejitolea mwili wake. Mimi niliomba dua.

Mwaka huohuo kuna rotesheni, na hili nataka lisomwe polepole kwa kuwa kwenye vitabu vya mwongozo limeandikwa kama utaratibu mdogo. Unapita maabara tatu, kila moja wiki kumi hivi, mwishoni unachagua moja ya kukaa miaka minne au mitano iliyobaki. Wanafunzi wengi wanafikiri wao ndio wanaopimwa. Wanapimwa, ndiyo, lakini huo pia ndio muda pekee ambao mwanafunzi naye anampima profesa. Uzamivu huu unafanywa chini ya mtu mmoja. Huyo ndiye anayekuamulia mradi, ndiye anayekutafutia fedha, ndiye atakayekuandikia barua kwa miaka ishirini ijayo. Nimewaona wenzangu wenye akili kunishinda wakiondoka bila shahada kwa sababu walichagua jina la mtu badala ya mtu.

Maabara yangu ya kwanza ilikuwa ya picha za ubongo, watu wanalala kwenye mashine kubwa ya sumaku. Nzuri, lakini nilitaka seli. Ya pili ilikuwa ya mtu mashuhuri sana. Kwa wiki kumi nilimwona mara mbili, na wanafunzi wake walikuwa wakiongea kwa sauti ya chini hata jikoni. Ya tatu ilikuwa ndogo, watu sita. Kwenye mkutano wao wa kwanza niliohudhuria, mwanafunzi mmoja alisimama akaonyesha kwamba matokeo yake ya miezi minane yalitokana na mchanganyiko wa dawa uliokosewa. Sikumtazama yeye, nilimtazama msimamizi usoni. Alikunja uso kidogo, akauliza: "Uligunduaje?" Basi. Nikajua nimefika.

Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza seli moja moja, na napenda niieleze kwa karibu kwa sababu hakuna fomu ya maombi inayokuambia kwamba utahitaji mikono. Unachukua kipande cha ubongo wa panya, unene wake theluthi ya milimita, kimekatwa na wembe unaotetemeka ndani ya maji ya chumvi ya baridi. Unakiweka chini ya hadubini na kukipitishia maji yenye oksijeni. Ukiwa mwangalifu kitaishi saa sita au zaidi. Kisha unachukua kijibomba cha kioo ulichokivuta kwa moto mpaka ncha yake ikawa nyembamba kiasi cha mikroni moja au mbili, yaani elfu moja au mbili za milimita. Unakishusha kwa skrubu, taratibu, huku ukipuliza kidogo kwa mdomo kupitia mpira mwembamba ili uchafu usizibe ncha. Seli inaonekana kama tone la mafuta kwenye mchuzi. Ukiikaribia, pumzi yako inaibonyeza, kinatokea kishimo kidogo juu yake. Hapo unaacha kupuliza. Unavuta, kidogo mno, kama mtu anayeonja chai ya moto. Kwenye skrini ukinzani unapanda, unapanda, unapita gigaomu moja, yaani omu bilioni moja: kioo na utando vimeshikana. Unavuta mara moja kwa ghafla, utando unatoboka, na namba inatulia: hasi 65 milivolti. Uko ndani. Unasikia seli iliyo hai.

Ilinichukua wiki saba kuipata ya kwanza. Wiki saba za kuvunja vioo, kila siku, jioni narudi na mgongo unauma. Ilipotulia ile hasi 65 nilikuwa peke yangu chumbani, saa tatu usiku, taa zimezimwa, na nilishindwa kupumua vizuri.

Panya. Lazima niseme habari yao. Hakuna anayegusa mnyama kabla ya kufunzwa na kabla ya kamati ya chuo kupitisha kila hatua kwa maandishi: ni wangapi, kwa nini hao, maumivu yatazuiwaje. Mwanzoni niliona ni urasimu. Siku ya kwanza nilipomuua panya kwa mkono wangu nilielewa kwamba kamati ile ipo pia kwa ajili ya moyo wa anayeua. Anayetaka njia hii na hawezi, achague mapema. Zipo maabara za binadamu wanaojitolea na zipo za kompyuta tupu, na shahada ni ileile.

Mwaka wa pili kuna mtihani wa kustahili. Ukifaulu unaitwa mtahiniwa wa uzamivu, usipofaulu mara ya pili unaondoka, mara nyingi na uzamili mkononi. Kwetu ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza unaandika pendekezo la utafiti kwa mtindo wa maombi ya fedha ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani: ukurasa mmoja wa malengo, kurasa sita za mpango. Ule ukurasa mmoja niliuandika mara kumi na tisa. Kisha unasimama mbele ya maprofesa wanne na ubao mweupe, kwa muda wa saa mbili, bila karatasi.

Nilikuwa nimependekeza kuchunguza seli za breki, zile zinazotuliza wenzake kwa kemikali iitwayo GABA, kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ya panya wenye kifafa. Swali la kwanza likawa zawadi: fenobabitoni inafanyaje kazi? Kidonge cha kaka. Nilijibu kwa raha. GABA hufungua mlango wa kloridi, chembe za chumvi zenye chaji hasi, kwenye utando wa seli, na fenobabitoni huufanya mlango huo ukae wazi muda mrefu zaidi. Dawa hii imetumika kwa kifafa tangu 1912. "Vizuri," akasema profesa mwenye miwani. "Na kwa seli za mtoto mchanga?"

Nikaandika mlinganyo wa Nernst ubaoni, ule unaokokotoa msawazo, yaani volti ambayo kloridi inayoingia na inayotoka zinalingana. Seli iliyokomaa ina kloridi kidogo ndani: tuseme milimola 7 dhidi ya 130 nje, msawazo unakuja karibu hasi 77, chini ya hasi 65 ya utulivu, kwa hiyo mlango ukifunguka seli inatulizwa. Seli changa ina kloridi nyingi, kwa sababu pampu ya kuiingiza inafanya kazi kabla ya ile ya kuitoa. Weka 25 ndani, unapata karibu hasi 44. Mlango uleule sasa unaisisimua seli. Nilifurahi nimelipata. "Basi," akasema, "kwa nini fenobabitoni bado hutuliza degedege kwa baadhi ya watoto wachanga?"

Sikujua. Nikaanza kusema. Nikasema vipokezi, nikasema ukuaji, nikasema mitandao, nikataja maneno makubwa moja baada ya jingine kama mtu anayetupa mawe kisimani akisubiri kusikia mlio. Dakika mbili nzima. Akanyanyua mkono, kwa upole: "Simama. Unajua au hujui?"

Nataka Watanzania wenzangu mnielewe hapa. Shule ya msingi, aliyesema "sijui" alisimama mpaka kengele ilipolia, au alinyoosha mkono apigwe. Tulijifunza kwamba jibu baya ni salama kuliko kukosa jibu, na kwamba sauti kubwa huficha mengi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na viganja vyangu viliwasha, kweli kabisa, kama vile fimbo ilikuwa mezani. Nikasema, "Sijui." Hakuna kilichotokea. Mwingine akauliza, "Ungefanya nini ili ujue?" Nikageukia ubao. Nikachora kipande cha ubongo wa panya wa siku saba, nikachora kijibomba, nikasema ningepima kwanza kloridi ya ndani bila kuibadilisha, kisha ningeweka dawa na kuangalia kama msisimko wenyewe hauwezi kuziba njia ya msisimko mwingine. Wakaanza kubishana wao kwa wao. Mmoja alisimama akanyang'anya kalamu akasahihisha mchoro wangu. Nilisahau kwamba nilikuwa kwenye mtihani.

Walinipa ufaulu wa masharti: niandike upya lengo la pili ndani ya wiki sita. Nililia chooni, kisha nikaandika. Na kila ninapoulizwa ni sharti gani lilikuwa zito kuliko yote, si barua wala Kiingereza wala vijibomba. Ni lile neno moja, mbele ya watu wanne, na kuendelea kusimama baada ya kulisema. Laiti tungelifundishwa darasa la tatu.

Baada ya hapo mwongozo wa chuo unakuwa mfupi na miaka inakuwa mirefu. Kamati yako ya tasnifu inakutana nawe angalau mara moja kwa mwaka. Unafundisha muhula mmoja au miwili. Programu nyingi zinataka uwe na makala ya kisayansi ambayo wewe ni mwandishi wa kwanza. Nyingine hazijaliandika lakini kamati italidai. Wenzako raia wataomba ruzuku ya shirikisho ya wanafunzi, ile inayoitwa F31, na wewe mwenye viza utagundua kwamba hairuhusiwi kwako, ingawa uliandika pendekezo lako kwa mtindo wake. Inauma. Tafuta za vyama vya kisayansi na za chuo, na mwambie msimamizi wako wazi mapema, kwa sababu wengine kweli hawajui. Kwa wastani yote huchukua miaka mitano hadi sita. Mimi sita. Mwaka wa nne mzima haukutoa hata mchoro mmoja ulioingia kwenye tasnifu.

Kutetea tasnifu kulikuwa asubuhi ya Juni, saa nne, ambayo Mahenge ni saa kumi na mbili jioni. Saa moja ya hadhara, kisha kamati peke yake mlango ukiwa umefungwa. Mama na kaka waliangalia kwenye simu, wamekaa nje ambako mtandao hushika. Hawakuelewa Kiingereza cha kule, lakini Mama aliniambia baadaye kwamba alijua nimefaulu kwa jinsi nilivyosimama. Bado kulikuwa na marekebisho, na ofisi ya chuo iliyopima pambizo za kurasa kwa rula, lakini jioni ile nilipiga simu nyumbani, kwao ikiwa usiku wa manane, na kaka ndiye aliyepokea.

Akanipongeza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo umeshajua kwa nini mimi naanguka?"

"Sijui," nikasema. "Hakuna anayejua bado kwa mtu kama wewe, mmoja mmoja. Najua kidonge chako kinafanya nini."

"Nieleze basi hicho unachokijua."

Nikamweleza mlango wa kloridi kwa Kiswahili, mara ya kwanza maishani mwangu, nikitafuta maneno njiani: mlango, pampu, breki, chumvi ya ndani na ya nje. Alinikatiza mara kwa mara. Alitaka kujua kama akichelewa kumeza kwa saa mbili, mlango ule unajifunga. Nikamwambia hapana, dawa hii hukaa mwilini siku kadhaa, saa mbili si neno, ila akiacha ghafla siku nyingi mfululizo ni hatari kubwa. Akanyamaza, nikasikia anafungua droo.

"Vimebaki kumi na vinne," akasema. "Jumatatu nitakwenda kuchukua vingine."